Tairi jipya la nyuma linateleza mvua ikinyesha: jibu kwa motari wa Panzi

Motari mmoja, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, wa mtaa wa Panzi hapa Bukavu, ameniuliza hivi: «Mzee, mwezi uliopita nilibadilisha pine ya nyuma, nikaweka mpya kabisa. Sasa mvua imeanza na moto (pikipiki) inanitelezea kuliko wakati wa ile ya zamani. Nikishuka Nguba na mteja, nikigusa tu freni ya nyuma, mkia unaenda kando. Wenzangu wa parkingi wanasema nipunguze upepo ili pine ikamate. Wengine wanasema ninunue ya meno makubwa, ya potopoto. Nani anasema kweli? Na kama pine ni mpya, kwa nini inateleza?»

Mdogo wangu, kwa barabara unayoitaja, pande zote mbili zimekosea, ingawa kila upande umeshika kipande cha ukweli. Nitakujibu kwa urefu, maana jambo hili linavunja watu miguu kila mwaka, na mvua zetu si za wiki mbili. Zinaanza Septemba na kutuacha Mei. Ukiondoa kiangazi cha Juni hadi Agosti, motari wa Bukavu anatafuta chakula chake juu ya barabara iliyolowa.

Tuanze na mpira wenyewe. Tairi linashika barabara kwa njia mbili. Kwanza, mpira unanata kwenye jiwe la lami pale vinapogusana uso kwa uso. Pili, mpira laini unabonyea na kuingia katikati ya vijiwe vya lami, na ukivutwa haukubali kutoka kirahisi. Kule kubonyea na kurudi kunakula nguvu, na ndiko kunakokuzuia usiteleze. Barabara ikiwa kavu unapata mambo yote mawili. Maji yakiingia, lile la kwanza karibu linakufa, kwa sababu utando mwembamba sana wa maji unatosha kuutenga mpira na jiwe. Unabaki na lile la pili, nalo linadai vitu viwili: mpira ulio laini na lami yenye ukwaruzo. Mpira mgumu hauingii katikati ya vijiwe, na lami iliyosuguliwa hadi ikang'aa haina pa kuingiliwa.

Mifereji iliyochorwa kwenye tairi haishiki chochote. Kazi yake ni kuyapa maji mahali pa kukimbilia ili mpira ufike chini. Kwa hiyo tairi linaweza kuwa na mifereji mirefu, jipya machoni, na bado likawa baya kwenye maji kwa sababu mpira wake ni mgumu. Nadhani hilo linakuhusu kwa sehemu.

Tairi jipya linatoka kwenye kalibu ya kiwanda likiwa na uso laini unaong'aa, mara nyingine na mabaki ya dawa inayozuia lisinate kwenye kalibu. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wanashauri uende kwa upole kilomita 100 hadi 150 za mwanzo. Wewe umeshatembea mwezi mzima, kwa hiyo katikati ya tairi lako pamekwisha kukwaruzwa vizuri. Lakini tazama kandokando. Kama bado unaona vile vinyweleo vya mpira na mng'ao wa dukani, sehemu hiyo haijawahi kugusa barabara, na siku utakapolaza pikipiki kwenye kona yenye maji ndiyo itakayogusa. Izoeshe siku ya jua, kwa kulaza kidogo kidogo, kona baada ya kona.

Ugumu wa mpira ni jambo zito zaidi. Matairi ya pikipiki za kazi yanatengenezwa ili yadumu na kubeba mzigo. Mwenye pikipiki anataka linalodumu, muuzaji anasifu linalodumu, na mpira unaodumu sana mara nyingi ni mpira mgumu. Halafu kuna umri. Mpira unazeeka hata kama haujatembea: jua na hewa vinaukausha, na tairi lililotundikwa nje ya duka miaka miwili mitatu linaweza kuwa limekauka kabla hujalilipia. Tafuta herufi DOT ubavuni mwa tairi, ufuate maandishi hadi mwisho. Utakuta namba 4 ndani ya kifremu kidogo. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Utaratibu huo umetumika tangu mwaka 2000. Kama huoni namba hizo, bonyeza ukucha kwenye meno ya tairi. Mpira ulio hai unapokea ukucha, na alama yake inafutika taratibu. Uliokauka haukubali ukucha kabisa, na ukilikunja jino utaona nyufa ndogondogo chini yake. Fanya hivyo dukani kabla ya kutoa fedha, hata muuzaji akinuna.

Lakini kabla ya kulihukumu tairi, kuna jambo ambalo ningelitazama kwanza kama ungekuja karakana leo. Ulisema kuteleza kumeanza baada ya kubadilisha tairi, na kunatokea unapogusa breki ya nyuma. Kubadilisha tairi la nyuma kunamlazimu fundi atoe gurudumu zima. Anafungua ile nati ya fimbo ya breki, analegeza mnyororo, anatoa ekseli. Wakati wa kurudisha anakaza ile nati kwa kukisia. Akiikaza kupita kiasi, breki inakuwa kali: mguu ukigusa tu, ngoma inakamata yote. Barabara kavu inavumilia hayo na wewe unadhani breki zimekuwa nzuri. Barabara ya maji haivumilii, gurudumu linaganda na mkia unakwenda kando.

Pima hivi. Pikipiki ikiwa imezimwa, bonyeza kanyagio la breki ya nyuma kwa kidole, siyo kwa mguu. Inatakiwa lishuke sentimita 2 hadi 3 bure kabla hujasikia breki inaanza kukamata. Likishuka pungufu ya sentimita 2, legeza nati nusu mzunguko, ujaribu tena. Kisha inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono: likisugua na kusimama haraka, breki inakamata hata usipoigusa. Ukimaliza, chuchumaa nyuma ya pikipiki uangalie zile alama za kurekebisha mnyororo upande wa kushoto na wa kulia. Kama upande mmoja uko kwenye alama ya 3 na mwingine kwenye ya 4, gurudumu limekaa mshazari, na pikipiki inatembea ikivuta mkia upande. Hayo yote hayagharimu hata franka moja.

Bado uko chini hapo, chukua kitambaa cheupe ukipitishe kwenye ukingo wa kushoto wa tairi la nyuma. Kwenye pikipiki zetu nyingi mnyororo uko kushoto, na motari wengi wanaupaka mafuta machafu waliyoyatoa kwenye injini. Mnyororo ukizunguka unayarusha kwenye rimu na ubavuni mwa tairi. Kitambaa kikitoka na weusi unaoteleza kati ya vidole, umepata mwizi mmoja. Osha kwa maji na sabuni, usuuze. Usitumie petroli, inakausha mpira. Mnyororo upake kidogo jioni, ukae usiku kucha, asubuhi upanguse uliozidi. Na vijana wanaoosha pikipiki wakitaka kukung'arishia matairi kwa mazutu (dizeli), wakatalie kabisa.

Sasa upepo. Wanaokwambia upunguze wamejifunza jambo la kweli, ila mahali pengine. Kwenye njia ya udongo, ukipanda vijiji vya Kabare au Walungu, tairi lililolegezwa kidogo linatanua eneo linaloguswa na ardhi na kutembea vizuri zaidi kwenye udongo laini, mradi uende polepole na bila mzigo mkubwa. Kwenye lami yenye maji mambo yanageuka. Tairi lenye upepo mdogo linalegea katikati, mifereji yake inabanwa na kufunga, na maji yanakosa pa kupita.

Katika miaka ya 1960 mhandisi Walter Horne wa NASA, shirika la anga la Marekani, alichunguza kwa nini ndege zinateleza zikitua kwenye viwanja vyenye maji. Aliona kwamba kasi ambayo maji yanaliinua tairi kutoka ardhini inategemea upepo uliomo ndani yake: upepo ukipungua, tairi linaelea mapema. Kwa kanuni yake, tairi lenye bari 2 (bari ni kipimo cha upepo wa tairi) linaelea karibu na kilomita 90 kwa saa, na lenye bari 1 karibu na 63. Tairi la pikipiki ni jembamba na la mviringo, kwa hiyo linapasua maji vizuri kuliko la gari, na mjini hufiki kasi hizo. Lakini umeona mwelekeo: kila upepo unaopunguza unakwenda upande wa hatari.

Kuna madhara mengine ambayo utayaona kabla ya hilo. Ukibeba abiria tairi laini linayumba ubavu, na kwenye kona pikipiki inachelewa kukutii. Na kwa kuwa matairi yetu yana tyubu ndani, tairi lenye upepo mdogo linajisogeza kwenye rimu kila unapofunga breki na kuivuta tyubu. Tazama valvu: ikiwa imelala badala ya kusimama wima, tairi limeshaanza kuhama, na siku moja valvu itang'oka nawe uko mteremkoni.

Pikipiki nyingi za kazi hapa, zile za tairi 2.75 mbele na 3.00 nyuma, zinataka karibu bari 1.75 mbele, bari 2 nyuma ukiwa peke yako, na bari 2.25 nyuma ukiwa na abiria. Hakikisha kwenye kitabu cha pikipiki yako au kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mnyororo. Wewe unabeba watu siku nzima, kwa hiyo chukua ile ya abiria na ukae nayo. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Nunua kipimo chako, hata kidogo cha mfukoni. Ninawaheshimu makwado wetu, mafundi wa kuziba pancha, wanatuokoa kila siku, lakini kidole gumba hakiwezi kutofautisha bari 1.5 na bari 2.

Kuhusu tairi la meno makubwa, sitasema mengi. Kwenye matope marefu meno yanazama na kupata pa kusukumia. Kwenye lami, mpira unaogusa chini ni ule wa juu ya meno tu, yaani kidogo kuliko wa tairi la kawaida, na meno yenyewe yanapinda unapofunga breki. Kwa hiyo kwenye lami iliyolowa utakuwa na mshiko mdogo kuliko sasa. Hata kwenye matope, udongo wetu wa mfinyanzi unajaa katikati ya meno na baada ya mita chache una tairi la mviringo la udongo. Kama nusu ya siku yako iko njia za udongo na nusu iko lami, tafuta lile la katikati, lenye vipande vipana vilivyokaribiana. Kama unashinda kati ya Panzi, Nyawera na Nguba, baki na tairi la barabara.

Nimeacha kwa makusudi lile linaloangusha watu wengi zaidi hapa mjini, nalo si tairi wala maji. Ni udongo mwekundu juu ya lami. Bukavu imejengwa kwenye vilima vya udongo wa mfinyanzi. Kila mtu anayechimba kiwanja juu ya kilima, udongo wake unashuka na mvua. Mifereji ya barabara imejaa chupa na mifuko ya plastiki, basi maji yanaikataa na kukatiza barabarani, na yakipita yanaacha ulimi mwekundu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Chembe za udongo huo ni ndogo kabisa. Zinajaza vile vinafasi kati ya vijiwe vya lami, na sasa hata ile njia ya pili ya kushika, ile ambayo maji yalikuwa yamekubakizia, imefungwa. Mpira haufiki kwenye jiwe, na jiwe halina ukwaruzo. Hapo tairi la bei ghali na la bei nafuu yanakaribia kuwa sawa.

Ndugu zetu wa Goma wana taabu nyingine: lava yao, lile jiwe la volkano, ni ya mikwaruzo, inashika mpira vizuri hata ikilowa, lakini inayala matairi kwa kasi ya kutisha. Ushauri wa motari wa Goma kuhusu mvua ni mzuri kwa Goma. Usiulete hapa bila kuupima.

Utando huo wa udongo wetu una saa zake. Dakika za mwanzo za mvua ni mbaya, kwa sababu vumbi, mafuta ya magari na mazutu vinakorogana na maji kabla hayajatosha kuviosha. Manyunyu ya asubuhi ni mabaya zaidi, maana yanalowesha bila kuosha, na yanaweza kudumu hivyo saa nzima huku watu wakisema «si mvua hii». Mvua kubwa ikipiga robo saa, lami inaoshwa na mshiko unarudi kidogo, isipokuwa pale njia za udongo zinapoingia barabarani. Hapo udongo mpya unaletwa kila dakika. Halafu kuna ule wakati baada ya mvua, jua limetoka, barabara inaanza kukauka na watu wanaongeza mwendo kulipia muda walioupoteza wakijikinga. Udongo uliobaki ndio unakuwa uji mzito wakati huo. Jifunze kusoma rangi. Lami nyeusi inayong'aa ina maji. Iliyofifia kuwa kahawia ina udongo. Yenye rangi za upinde wa mvua ina mazutu, na hayo utayakuta hasa kwenye makona na mapandio, ambako malori yenye tangi lililojaa hadi mdomoni yanamwaga.

Sasa njoo kwenye mteremko wa Nguba, kwa sababu hesabu yake kila motari wa mji huu angepaswa kuijua. Ukienda kilomita 40 kwa saa unapita mita 11 kila sekunde. Lami nzuri ikiwa kavu, mshiko wake ni karibu 0.8, maana yake nguvu ya kukuzuia inaweza kufika asilimia 80 ya uzito wote wa pikipiki pamoja na ninyi mliopanda. Kwenye tambarare, kwa breki zote mbili zilizotumika vizuri, utasimama katika mita 8. Lami hiyo ikilowa maji safi, mshiko unashuka hadi karibu 0.5, na unahitaji mita 12 na nusu. Ikipakwa udongo, mshiko unaweza kushuka hadi 0.2, na unahitaji mita 31. Ongeza zile mita 11 unazopita katika sekunde moja ya kushtuka kabla mkono haujafika kwenye breki.

Hiyo ni tambarare, na Bukavu tambarare ni chache. Tuseme mteremko ni wa asilimia 10, yaani kila mita 10 unashuka mita 1. Mteremko unafanya kama mwenye pikipiki: anachukua fedha yake ya siku kwanza, wewe unakula kinachobaki. Anachukua 0.1 kila mara, iwe ulikuwa na 0.8 au 0.2. Kwenye lami kavu unabaki na 0.7 na kusimama katika mita 9, huoni tofauti. Kwenye maji safi unabaki na 0.4, ni karibu mita 16. Kwenye udongo unabaki na 0.1, na sasa ni mita 63. Soma tena: mita 63, kwa kasi ambayo wewe unaiita ya kawaida. Na mteremko ukifika asilimia 20 penye utando wa udongo, hakuna kinachobaki. Unaweza kufunga breki zote na pikipiki itaendelea kushuka hadi ikute kitu cha kuisimamisha.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina habari njema. Shuka kwa kilomita 20 badala ya 40, na zile mita 63 zinakuwa 16. Kasi ikipungua nusu, umbali wa kusimama unapungua hadi robo. Hakuna tairi duniani litakalokupa faida hiyo. Ndiyo maana nakwambia kasi ya kushukia mteremko uichague juu, kabla hujaanza kushuka, wakati mshiko wako bado haujakatwa kitu. Ukisubiri katikati ya mteremko ndipo upunguze, unaomba kwenye akiba ambayo imeshaliwa.

Ingia mteremkoni ukiwa gia ya pili, na kwenye mteremko mkali ya kwanza, injini ikikushikilia. Usishuke bila gia ili kuokoa petroli. Najua wengi mnafanya hivyo, na najua bei ya petroli, lakini unapoteza breki ambayo haigandishi gurudumu kirahisi. Ukirudisha gia njiani, achia mkono wa ambreyaji (klachi) polepole. Ukiuachia ghafla injini inaligandisha gurudumu la nyuma sawasawa na breki iliyokazwa vibaya.

Na hapo napata neno lako, «nikigusa tu freni ya nyuma». Motari wengi hapa wanaogopa breki ya mbele kana kwamba imetengenezwa ili kuwarusha. Matokeo yake kazi yote inaachiwa gurudumu la nyuma. Lakini ukishuka, uzito umeshahamia mbele, na ukianza kufunga breki unahamia zaidi. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, na gurudumu jepesi linaganda haraka. Hata tairi bora la nyuma litateleza ukilidai kazi ya magurudumu mawili. Tumia zote mbili pamoja. Ya mbele ianze kwa vidole viwili, kama unaikumbusha tu, usubiri kidogo uzito uhamie na tairi likae chini, kisha ongeza nguvu taratibu. Usukani uwe umenyooka, na breki zimalizwe kabla ya kona.

India, zinakotoka nyingi za pikipiki zetu, ililazimisha kuanzia Aprili 2019 pikipiki zote mpya zinazozidi sentimita za ujazo 125 ziwe na mfumo wa kuzuia gurudumu kuganda, na ndogo ziwe na breki zinazofanya kazi pamoja mbele na nyuma. Zinazouzwa kwetu nyingi hazina hata kimoja. Mfumo huo inabidi uwe mkononi mwako na mguuni mwako. Jifunze mahali tambarare pasipo na watu, barabara ikiwa imelowa, kilomita 15 au 20 kwa saa, ukienda moja kwa moja: ongeza breki ya nyuma pole pole hadi usikie gurudumu linaanza kuganda, achia, rudia. Mguu utajifunza mpaka uko wapi. La mbele usiligandishe kwa makusudi. Likiganda kwa bahati mbaya, achia hapo hapo kisha ushike tena kwa upole. La nyuma likiganda na mkia ukiwa bado umenyooka, legeza. Kama mkia umeshakwenda kando sana, usiachie ghafla, kwa sababu tairi litashika kwa mara moja na kukurusha upande wa pili.

Abiria naye ana sehemu yake. Mwambie kabla hamjaondoka asogee karibu nawe na akae wima, asijaribu kulaza upande wa pili kwa woga. Wakiwa wawili nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi kwenye mapandio na usukani unaelea. Wakati wa mvua kataa wa pili. Najua ni fedha unayoikataa. Kataa tu.

Limebaki jambo moja ambalo hukuniuliza: tairi lako la mbele. Umesema ulibadilisha la nyuma peke yake. La nyuma linaisha haraka, basi motari anabadilisha la nyuma mara mbili tatu huku la mbele likizeeka pale pale bila mtu kulitazama. Likiteleza la nyuma, mara nyingi unapata nafasi ya kurekebisha. Likiteleza la mbele, uko chini kabla hujajua. Chukua njiti ya kiberiti, unene wake ni karibu milimita 2, uiweke ndani ya mfereji wa tairi la mbele kwa ubavu wake. Ikitokeza juu ya mpira, tairi hilo lisione mvua nyingine. Angalia pia lisiwe limechongwa upya kwa kisu. Mifereji iliyochongwa ina kingo kali na chini yake unaweza kukaribia nyuzi.

Kwa hiyo anza na nati ya breki na mnyororo leo jioni, kisha kitambaa, kisha upepo. Fedha ikipatikana, itoe kwa tairi la mbele, hilo la nyuma liache kwanza. Ukishayafanya hayo na mkia bado unakwenda kando ukiwa kilomita 20 na breki zote mbili, niandikie zile namba 4 za ubavuni mwa matairi yote mawili, pamoja na ukubwa wake, nikuambie kama tairi lenyewe ndilo la kutupa.